Saa Thelathini na Tano hadi Kitanda cha Karisa

Akina mama wenzangu, tangu nirudi mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, mlangoni, kazini ghalani, hata kanisani wakati wa sadaka, mkiuliza safari ilikuwaje. Nami kila mmoja nimempa kipande chake. Huyu nimemwambia habari za ndege, yule habari za mguu, na sasa vipande vimeanza kugombana. Mama Furaha anasema nilifika siku ileile. Mama Neema amesikia ndege iliwaka moto. Haikuwaka moto. Basi nimeketi niandike yote, mpokezane msome, nami nipumue.

Chaani

Wengi wenu mnamjua Karisa, lakini kwa wale waliohamia mtaa huu wa Chaani juzi nieleze. Ni mdogo wangu, kitinda mimba. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi nina ishirini na mtoto mgongoni. Nikamlea. Alipokua akaenda baharini, baharia wa sitaha kwenye meli ya nafaka, akawa anatutumia picha za bandari za watu.

Simu iliyoniita ilitoka Santos, mji wa bandari huko Brazili. Aliyepiga alikuwa mwanamke, na alizungumza Kiswahili, ila kilikuwa Kiswahili cha kuchechemea, kimepishana na Kireno. Alijitambulisha kuwa ni Bi Awa, mzaliwa wa kaskazini ya Msumbiji, mfanya usafi wa hospitali ambamo Karisa amelazwa. Kamba nene ya kufungia meli ilikatika ikamchapa mguu, chini ya goti. Meli ilingoja siku mbili, kisha ikaondoka bila yeye. Simu yake ilibaki melini.

"Mguu umeoza," Bi Awa akaniambia. "Sumu inapanda. Daktari anataka kukata, ndugu yako hataki. Anasema hakatwi mpaka dada yake aje amshike mkono."

"Nipe niseme naye."

Karisa alikuwa na homa. Sauti yake ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Njoo, dada," akasema.

Mambo ya tiketi na karatasi nayaruka. Wakala wa meli alilipa, mimi nikahangaika, yakaisha. Siku ya kuondoka ikawa Ijumaa. Alhamisi Bi Awa akapiga tena: daktari ameweka Jumamosi, saa nane, na zaidi ya hapo hangoji.

Binti yangu Dama alitafuta kwenye simu. "Mama, kutoka hapa ni kama kilomita elfu tisa na mia tano, ukipita moja kwa moja. Ila hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapanda mbili. Hewani ni saa kumi na tano hivi, na ukijumlisha kungoja na barabara, saa ishirini hazifiki. Ukitoka Ijumaa alfajiri, jioni yao uko naye."

Ijumaa jioni, na mguu ni Jumamosi. Nikaona nafasi ni kubwa.

Mlinikabidhi mahamri siku ile, kopo zima, mkasema ni ya Karisa. Nitawaambia yalikoishia.

Mombasa hadi Addis Ababa

Miaka yote ndege zimepita juu ya bati langu, nikianua nguo, nikisonga sima, sijawahi kupanda hata moja. Kutoka kwangu hadi uwanjani ni mwendo wa tuktuk, huna hata muda wa kumaliza sala. Saa kumi na mbili asubuhi tukapaa. Nilitaka niione nyumba yangu kutoka juu. Nikaona mabati tu, mengi, yote yanafanana, kisha kijito, kisha mawingu.

Kilichonikera ni kwamba Brazili iko magharibi na ndege ikaelekea kaskazini. Nilimuuliza mhudumu kama nimepanda ndege sawa. Akatazama tiketi yangu, akacheka kwa upole, akaniambia kwamba Addis ndiko ndege ya pili iliko. Kumbe waweza kwenda kinyume na unakokwenda, na hiyo ndiyo njia ya karibu kuliko zote.

Addis Ababa hadi katikati ya ramani

Ndege ya pili ilikuwa kubwa kama ghala letu la chai. Niliwekwa karibu na bibi mmoja wa Kibrazili, mwembamba, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Hakujua Kiingereza wala Kiswahili, mimi Kireno nakisikia kwenye mpira tu. Tukasalimiana kwa kutikisa vichwa.

Mbele yangu palikuwa na kioo kinachoonyesha ramani, kindege kidogo cheupe, na chini yake kilomita zilizobaki. Tulipopaa zilikuwa karibu elfu kumi. Wenzangu waliangalia filamu. Mimi niliangalia ile namba. Kila ilipopungua mia moja nilivuta pumzi. Ilifika elfu tisa. Ilifika elfu nane. Nilikula kuku wao na wali wao bila kuondoa macho pale.

Tulipokwisha kwenda saa mbili na nusu hivi, zimebaki elfu saba na mia tisa, nikaona wahudumu wanakimbia kuelekea mbele. Mtu akaulizia daktari kwenye spika, kwa lugha tatu. Abiria mmoja, mzee wa viti vya mbele, alikuwa ameshikwa na moyo. Nikainama nimwombee.

Nilipoinua kichwa, kile kindege cheupe kilikuwa kinageuka.

Nilidhani ni macho. Lakini pua yake ilizunguka polepole mpaka ikatazama tulikotoka, na ile namba, ambayo nilikuwa nimeishusha kwa dua moja moja, ikaanza kupanda. Elfu saba na mia tisa hamsini. Elfu nane. Elfu nane na mia moja. Rubani akatangaza kwamba tunarudi Addis.

Nitawaambia ukweli kwa sababu ninyi ni watu wangu. Nilimkasirikia yule mzee. Sikumjua hata jina, analala sakafuni wanamkanda kifua, na mimi moyoni namuuliza kwa nini hakubaki kwao. Machozi yakanitoka kwa hasira, kisha kwa aibu ya ile hasira. Bibi wa kucha nyekundu aliona nalia, akadhani naogopa ndege. Akanikaza mkanda mpaka nikakosa pumzi, akanipa peremende, akanionyesha kwa mkono jinsi ndege inavyotua taratibu. Nikashindwa kumweleza. Nikaila ile peremende.

Addis tena

Mzee alitolewa akiwa hai. Hilo nalo niliambiwa na mhudumu baada ya kumuuliza mara mbili, na nikashukuru kwa moyo mmoja, maana nilikuwa na deni kwa Mungu.

Sisi wengine tukadhani tutajaza mafuta tupae. La. Marubani walikuwa wametimiza saa zao na sheria haiwaruhusu kuendelea. Tungengoja wengine. Ubaoni pakaandikwa saa mpya ya kuondoka: saa saba usiku, kungoja kwa saa kumi nzima. Nikaketi kwenye kiti cha chuma nikahesabu kwa vidole, nikakosea, nikahesabu upya nyuma ya tiketi. Saa za Brazili ziko nyuma ya zetu kwa saa sita. Tukiondoka saa ile na kuruka kwa saa kumi na mbili na nusu, tutatua São Paulo Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu. Kisha gari mpaka Santos, mwendo wa saa mbili. Saa nne nitakuwa wodini. Mguu unakatwa saa nane. Bado ninayo nafasi, ingawa imekuwa nyembamba.

Nikampigia Bi Awa kwa mtandao wa uwanjani. Nikamsikia Karisa pembeni akikohoa.

"Karisa, ndege imerudi, lakini inaondoka tena. Nitafika kesho kabla hujapelekwa. Umesikia? Ningoje."

"Nitakungoja," akasema.

Walitupa chakula, injera, ile chapati yao chachu, na mchuzi wa dengu. Ule uchachu ulinikumbusha uji uliolala, haukupita kooni. Pembeni palikuwa na mama mmoja na watoto watatu waliokuwa wamekataa kula kabisa, mdogo amekwisha kulia mpaka sauti imekauka. Ndipo nikafungua kopo lenu. Nilidhani nitatoa manne. Watoto wakala, mama yao akala, bibi wa kucha nyekundu akala matatu, akafumba macho akasema neno ambalo nadhani ni sifa. Mwalimu mmoja wa Kinijeria akaja kuuliza harufu ya iliki inatoka wapi. Basi ndiko yalikoishia. Karisa hakuyaona. Nisameheni.

São Paulo

Tulitua saa moja na nusu asubuhi kama nilivyohesabu. Bibi wa kucha nyekundu alinibusu mashavu yote mawili, akapotea na begi lake la magurudumu.

Foleni ya kuingia nchini ilichukua karibu saa nzima. Nilipotoka nikatafuta mtu wa wakala aliyeshika karatasi yenye jina langu, Sidi. Sikumwona. Palikuwa na mzee mmoja mnene aliyeshika karatasi imeandikwa "Mister Sidney." Nilipita mbele yake mara tatu. Nikajiambia huyo Sidney naye kachelewa, maskini. Nikanunua kahawa ndogo, nyeusi, tamu kama sharubati, na mikate midogo ya duara yenye jibini ndani, nikaketi. Nilikuwa na haraka, lakini haikuwa haraka ya kufa. Nilijua mpaka saa nane ya mchana bado mbali. Nimeifikiria sana kahawa ile tangu siku hiyo.

Abiria walipokwisha, tukabaki mimi na yule mzee. Akanitazama, akatazama karatasi yake. "Sidney?" akaniuliza.

"Sidi," nikamwambia.

Akajipiga paji la uso. Jina lake Celso. Akachukua begi langu akatembea mbele, karibu akimbie, na pale nikaona kwamba yeye alikuwa na haraka kuliko mimi. Sikuelewa ni kwa nini. Garini akapiga simu, akanipa.

"Dada, uko wapi?" Ni Bi Awa, na sauti imemkauka.

"Ndiyo tunatoka uwanjani. Saa nne na nusu, tano, tutakuwa hapo. Mwambie Karisa atulie."

"Karisa ameingia. Saa nane imeshapita."

"Saa nane ipi, Bi Awa? Huku ni asubuhi, jua ndiyo linapanda."

"Saa nane ya asubuhi, dada. Oito."

Bi Awa ameishi na Wareno na Wabrazili miaka mingi, na kwao saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kama kwa Kiingereza. Saa nane yake ilikuwa ile ambayo mimi na ninyi tunaiita saa mbili asubuhi. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, saa ilikuwa ya Kireno. Na mimi nikampa mtoto niliyemlea ahadi juu ya saa hiyo.

"Alikungoja," Bi Awa akasema. "Madaktari nao wakangoja, saa nzima. Kila mlango ukifunguka, anageuza kichwa. Mwisho akasema twendeni. Nimemshika mkono mpaka mlangoni. Zaidi ya pale mimi siruhusiwi."

Nilimshukuru. Sijui nilisema nini kingine. Celso alichukua simu polepole kutoka mkononi mwangu.

Kuteremka Santos

Barabara ile inashuka mlima mrefu, inaingia kwenye mashimo ya chini kwa chini na kutoka, na siku hiyo ukungu ulikuwa mzito mpaka malori ya makontena yakawasha taa zote. Tulikwama. Mbele lori, nyuma lori, kama asubuhi mbaya pale mzunguko wa Changamwe. Celso hakupiga honi. Alizima redio kwa heshima, nami nikatamani aiwashe.

Niliwaza mambo ya kijinga. Niliwaza viatu vyake, vile vya kanisani, nilivyovipaka rangi kabla ya kuondoka nikaviweka chini ya kitanda. Niliwaza kwamba watu hufa kwenye visu vya madaktari. Niliwaza kwamba akifa, neno la mwisho aliloniambia ni "nitakungoja," na kwamba alilitimiza na mimi sikulitimiza.

Kisha tukatoka kwenye ukungu, nikaona winchi za bandari chini, zimeinua shingo vilevile kama zetu, na harufu ya mafuta na maji ya chumvi ikaingia dirishani. Nikajua tumefika. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi yao, saa kumi na moja na nusu jioni ya Chaani. Tangu tupae Mombasa, saa thelathini na tano na nusu.

Wodini

Bi Awa alinipokea mlangoni. Nilimtarajia mwanamke wa rika langu, kumbe ni mtu mzima, mvi zinatoka chini ya kitambaa.

"Shikamoo," nikamwambia, nikapiga magoti pale koridoni.

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Yu hai. Wamemtoa, analala."

Karisa alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Shuka lilikuwa limemfunika mpaka kifuani, na upande mmoja, chini, lilianguka bapa. Sikulitazama. Nilikaa kitini nikamshika mkono. Bi Awa akaniletea wali na maharagwe meusi, na juu yake amenyunyiza unga wa muhogo uliokaangwa. "Kula," akasema. "Akiamka akukute na nguvu." Nilikula chote, nikiwa nimemshika kwa mkono wa kushoto.

Alasiri akafumbua macho. Akanitazama.

"Dada."

"Nipo."

"Ulisema nikungoje."

"Nilisema." Nikamweleza habari ya saa nane, yote, bila kujitetea. Alisikiliza akiangalia dari.

"Kwa hiyo ulidhani ni mchana."

"Nilidhani ni mchana. Nisamehe."

Akafumba macho. Nilidhani amelala tena. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umekufa."

"Nimekufa?"

"Nilijua ndege ilikwisha kurudi njiani mara moja. Saa ya daktari ikapita, hukuja. Wewe hujawahi kuchelewa kunifuata, hata shuleni. Nikasema imeanguka, na imeanguka kwa sababu yangu, kwa kuwa nilikuita. Nikawaza, kina Dama wamebaki na nani sasa? Ndiyo nikawaambia wanipeleke."

Nimewalea wanangu na yeye miaka hii yote nikidhani mimi ndiye ninayebeba.

"Sijautazama," akasema. "Utazame wewe kwanza."

Nikainuka, nikalifunua shuka.

"Umefungwa vizuri," nikamwambia. "Bandeji nyeupe, haina damu."

"Goti?"

"Goti lipo."

"Usinidanganye, dada."

Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya goti. Akalishika. Hapo ndipo alipolia, na mimi pia, na Bi Awa akasimama mlangoni na ndoo yake ya kudekia, akizuia watu wasiingie.

Kurudi

Wiki tano tulikaa kule, kwenye nyumba ya mabaharia karibu na bandari. Hizo nitawasimulia kwa mdomo, zina vichekesho vyake, hasa Celso, ambaye mpaka tunaagana aliendelea kuniita Sidney. Bi Awa hakutaka zawadi. Alitaka nimwimbie nyimbo za Pwani, akazirekodi kwenye simu.

Safari ya kurudi ni umbali uleule, na ndege haikugeuka. Karisa alikaa kiti cha kando apate kunyoosha goti. Mimi sikuitazama ramani hata mara moja, nililala mpaka Addis.

Mombasa tulitua mchana, jua limesimama. Ngazi ililetwa mlangoni. Mhudumu akamwambia Karisa asubiri, linakuja gari la kuinua wagonjwa, dakika kumi tu. Abiria wengine walikuwa wamesimama nyuma yetu na mizigo yao.

"Nitashuka," Karisa akasema.

"Ngazi ni kali, kaka," mhudumu akamwambia.

"Nitashuka kwa kukaa."

Nilitaka kumkataza. Mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha nikachukua magongo yake, nikatangulia, nikageuka nikashuka kinyumenyume, uso wangu kwake.

Akakaa kwenye ngazi ya juu. Akaweka viganja, akajiinua, akajishusha moja. Kisha ya pili. Suruali yake nzuri ikajaa vumbi. Jasho likamshuka puani. Sikumwambia pole, sikumwambia taratibu, nilishuka tu kila aliposhuka. Watu wote wa ndege ile walisimama juu wakangoja, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Alipofika chini alikaa kidogo kwenye ngazi ya mwisho, akapangusa mikono. Akanyoosha mkono.

"Nipe magongo, dada."

Nikampa.